Acheni kutuambia "weka dawa kwenye tangi" pikipiki ikigoma kuwaka!

Wakuu, nina hasira na sizifichi.

Pikipiki yangu ya zamani, ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), ililala miezi saba na petroli ndani. Siku ya kuitoa ikagoma. Muuza vipuri akanipa chupa ya dawa ya kusafisha mfumo wa mafuta: mimina, tikisa, piga kiki, itawaka. Wapi! Nikarudi, akanipa nyingine ya kuongeza okteni. Siku nne napiga kiki mpaka goti limevimba.

Hivi hiyo dawa ingefikaje kwenye tatizo? Kikombe cha kabureta, kile cha chini kinachopokea petroli kutoka kwenye tangi, kilikuwa kimejaa petroli ile ile iliyolala. Ya juu yenye dawa haishuki mpaka ya chini itumike, na ya chini haitumiki kwa sababu pikipiki haiwaki! Na okteni inahusu nini hapa? Okteni ni petroli kustahimili mgandamizo isijilipue kabla ya wakati wake, haiwashi injini iliyokosa mafuta. Petroli ikikaa sana, ile sehemu nyepesi inayowasha injini ya baridi huwa imeshapotea hewani, na hakuna chupa ya kuirudisha.

Kinachoniuma zaidi, hakuna aliyeniuliza habari ya plagi. Nilipoichomoa mwenyewe, cheche ipo, ila plagi kavu kabisa baada ya kiki zote zile. Maana yake mafuta hayafiki! Nikalegeza skrubu ya chini ya kabureta, ikatoka petroli rangi ya chai ya rangi, inanuka vanishi. Jeti ndogo ya sailensa, yaani kipande chenye kitundu kinachopitisha petroli ya kuwashia na ya injini kunguruma taratibu, ambayo tundu lake halifiki hata nusu milimita, imezibwa na gundi ya kahawia. Nikaipulizia dawa ya kabureta, nikaipiga upepo (waya sikuingiza, unapanua tundu), nikamwaga mafuta yote, nikaweka mapya. Kiki ya tatu ikawaka.

Sisemi dawa zote ni uongo. Ile ya kutunza petroli inafanya kazi, ila inawekwa petroli ikiwa mpya, kabla pikipiki haijalala, na injini inaachwa ingurume dakika kadhaa ifike mpaka kwenye kabureta. Mbona hilo hawalisemi dukani?

Nimempelekea muuzaji ile jeti aione. Kanijibu eti dawa niliweka kidogo. Na pale pale, mbele yangu, akamfungia kijana mwingine chupa mbili, pikipiki yake imelala mwaka mzima.