Eti homoni ya oksitosini inaponyesha kidonda cha oparesheni? Naomba msaada, mdogo wangu siku ya 12 leo

binti_barabara_ya_nane (Ngamiani, Tanga)

Habari zenu humu, wakubwa shikamooni. Nina jambo linanizunguka kichwani tangu juzi naomba mnisaidie. Mdogo wangu kajifungua kwa oparesheni, mtoto wa kwanza, leo siku ya 12, yuko kwa mama mkwe wake Makorora. Mshono umefunga vizuri kasoro kona ya kulia, pale panatoa majimaji, si usaha ila asubuhi unakuta kanga imelowa na kukauka ikaacha duara la njano. Homa hana.

Sasa tatizo nyumba ile haikaliki. Mama mkwe anataka mzazi akandwe na maji ya moto kama walivyokandwa wao zamani, mume hataki kabisa, wanavutana mama na mwanae mpaka saa tano usiku na mzazi yuko chumba cha pili anasikia kila neno. Anaanza kulia, na akishalia tu maziwa hayashuki, mtoto anavuta anavuta anaachia ziwa nae analia. Jana nilikuwepo nikaona kwa macho yangu, roho iliniuma sana.

Nesi alimwambia anyonyeshe mara kwa mara mana kunyonyesha kunatoa oksitosini na hiyo ndo inarudisha kizazi mahala pake. Alaf kwenye grupu la kinamama mtu akaandika oksitosini hiyohiyo ni homoni ya mapenzi, inaponya vidonda, na ipo ya kupuliza puani inauzwa mtandaoni. Nikajiuliza ninunue? Ni kweli inafunga kidonda au ndo biashara za watu?

mkunga_wa_muheza

Hongereni kwa mtoto dada, na poleni. Mimi mkunga, miaka 19 sasa nipo leba, nianze na la haraka: hiyo kona inayolowesha kanga siku ya 12 kesho asubuhi ikaonwe. Inaweza ikawa maji tu yamejikusanya chini ya ngozi, inaweza ikawa mwanzo wa kuoza ndani, kwa simu hakuna anayeweza kujua. Pakianza kuwa pekundu na pamoto, pakinuka, pakitoa usaha, au akipata homa, msisubiri asubuhi nendeni usiku huohuo. Na maji ya moto kwenye mshono HAPANA, nimeshapokea mzazi ameungua ngozi ya tumbo na mshono umeachia, mshono mkavu ndo unaopona.

Sasa oksitosini. Hiyo inatengenezwa kwenye ubongo inaingia kwenye damu, kazi yake kubwa ni kubana misuli ya kizazi na kusukuma maziwa yatoke. Watu wanasahau kwamba kila mwanamke aliyezaa ana kidonda ndani hata kama hajapasuliwa, pale kondo la nyuma lilipobanduka panabaki jeraha pana kama sahani na mishipa ya damu iko wazi. Kinachoziba mishipa ile ni misuli ya kizazi kujikaza kuizunguka, na anayeikaza ni oksitosini. Ndo mana mtoto akitoka tu tunamchoma mama sindano yake uniti 10 pajani, tunazuia asivuje damu akatupotea mkononi. Na ndo mana mtoto akinyonya mama anasikia tumbo linakata kwa chini, hasa uzazi wa pili na kuendelea, wengine wanaogopa wanadhani kuna kitu kimeharibika kumbe kizazi kinarudi. Siku ya kujifungua kizazi kina karibu kilo 1, wiki ya 6 kimebaki kama gramu 60 au 70. Kwaiyo nesi wenu kasema kweli tupu.

Ila dawa hii hii inaumiza pia. Ikiwekwa kwenye dripu ya uchungu ikaendeshwa kasi bila mtu kukaa pembeni kuangalia, kizazi kinabana bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na kizazi kinaweza kuchanika, hasa chenye kovu la oparesheni ya nyuma. Kwaiyo mdogo wako ujauzito ujao awahi kusema ana kovu, na asikubali kuchomwa sindano ya uchungu na mtu wa mtaani. Ya kupuliza inayouzwa mtandaoni usinunue, ile ya sindano tu tunaitunza kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8 la sivyo nguvu inapotea, hiyo iliyokaa kwenye bahasha juani nani anajua ndani kuna nini.

ticha_wa_baiolojia

Mkunga kamaliza upande wa kizazi, mimi niongeze la kidonda cha ngozi mana nalifundisha na nalipenda. Aliyegundua kwanza kwamba kuna kitu kinabana kizazi ni Henry Dale wa Uingereza mwaka 1906, kwa paka mwenye mimba. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud akaitengeneza maabara, ni mnyororo mfupi tu wa asidi amino 9 (vile vipande vinavyojenga protini), akapata Nobeli 1955.

Kwa vidonda, Marekani chuo kikuu cha Ohio State walichukua wanandoa 42, wakawatoa malengelenge madogo mkononi kwa kifaa cha kuvuta ngozi, wakawakalisha wazungumze, siku nyingine mazungumzo ya kusaidiana, siku nyingine jambo wanalogombania. Matokeo yalitoka 2005: baada ya mazungumzo ya ugomvi vidonda vilichelewa, na wale wanandoa wenye chuki vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wale wenye upole. Kidonda ni kilekile, kifaa kilekile. Baadae 2010 wakaangalia wanandoa 37, na waliokuwa na oksitosini nyingi zaidi kwenye damu walipona haraka zaidi. Upande wa misuli, chuo kikuu cha Berkeley hukohuko Marekani 2014 walichoma oksitosini panya wazee siku 4 kabla ya kuwajeruhi msuli na siku 5 baada, msuli ukarudi kwa karibu asilimia 80 ya ule wa panya vijana. Kuna na samaki wadogo wa mistari ambao moyo wao ukijeruhiwa unajiotea upya, 2022 ilionekana ubongo wao unamwaga oksitosini moyo ukiumia.

Lakini dada angalia vizuri, hao ni panya na samaki, na wale wanandoa hawakupewa dawa yoyote, walipimwa tu ya kwao wenyewe. Nionavyo mimi kinachotokea ni hivi: mtu akiwa na hofu mwili unamwaga kortisoli, homoni ya msongo, na kortisoli inazubaisha kinga ya mwili, na kinga ndo inayosafisha kidonda kabla hakijaanza kujenga nyama mpya. Oksitosini inaishusha ile hofu. Na hofu hiyohiyo ndo inazuia maziwa kushuka, ulichokiona jana kwa macho yako ndo hicho.

binti_barabara_ya_nane

Ticha asante sana, yani nimesoma hapo kwenye ugomvi nikamtumia shemeji yangu palepale. Kaisoma ila kajibu neno moja tu, "Mwambie mama." Sasa mimi mama wa watu ntamwambiaje? Ntaonekana nimetoka Ngamiani kwenda kumfundisha kulea.

bi_mkubwa_pangani

Marahaba mwanangu. Usiende kumfundisha, nenda kamuombe. Mimi nimekanda wazazi wengi hapa Pangani, wa kwangu na wa majirani, na nakuambia anaekanda hana nia mbaya, ile ni mikono ya mapenzi, anaona mkwewe anaumwa na yeye hana kingine anachojua kumfanyia. Ukimnyang'anya kukanda ukamuacha mikono mitupu lazima agombe.

Basi mwambie hivi, "Mama, daktari kakataza tumbo, lakini mgongo unamuuma, naomba umkande mgongo." Akae mzazi kwenye kigoda, ainamie meza au mto, kitambaa kiloweshwe maji ya uvuguvugu kikamuliwe mpaka kisidondoke, apitishwe mabegani na katikati ya mgongo, alaf mafuta ya nazi kidogo, vidole gumba viwili vishuke pande mbili za uti wa mgongo polepole. Dakika kumi kabla ya kunyonyesha. Sisi hatukujua jina la homoni ila tulijua mzazi akikandwa mgongo maziwa yanashuka, utaona kanga ya kifuani inalowa kabla mtoto hajashika ziwa.

mkunga_wa_muheza

Bibi shikamoo, hilo la mgongo hata sisi tunalifundisha wodini. Kuvuta maziwa kunaanzia kwenye kutulia.

binti_barabara_ya_nane

Nimerudi jamani. Tumeenda asubuhi, daktari kaminya ile kona yakatoka maji ya njano kama kijiko cha chakula, kasema hakijaoza, kaweka kitambaa kisafi na turudi kila siku mbili kusafishwa. Jioni nimemuomba mama mkwe kama bibi alivyosema. Alinyamaza kwanza, nikadhani nimekosea, mara kainuka kaenda kuteleka maji mwenyewe, kamkanda mgongo huku anamsimulia alivyomzaa huyo mume wakati wa mafuriko, mdogo wangu akawa anacheka kashika tumbo. Mtoto kanyonya mpaka kalala na ziwa mdomoni. Mume kakaa mlangoni kimya.

Ila sasa akicheka au akikohoa mshono unamvuta, na mtoto akilazwa mapajani anagonga palepale kwenye kidonda kwa miguu. Afanyeje?

mkunga_wa_muheza

Akikohoa au akicheka akumbatie mto tumboni aubane. Na mtoto asimlaze mapajani, ampitishe chini ya kwapa, kichwa kwenye kiganja, miguu ielekee nyuma ya mama, mto uwe ubavuni. Keshokutwa mkitoka kusafisha utuambie kile kitambaa kimetoka na nini.