Jamestown 1609: walikufaje njaa na mto upo hapo hapo?

Mtoa mada: Wakuu habari za saa hizi. Nasoma soma habari za Waingereza waliojenga Jamestown kule Virginia, Marekani, kuna kitu hakiniingii akilini. Jamaa wamefika 1607, bunduki wanazo, mto James uko mlangoni, msitu una kulungu, halafu baridi ya 1609 kuamkia 1610 wanakula farasi, mbwa, panya mpaka ngozi za viatu? Ngomeni walikuwa kama 300, wakabaki 60 hivi. Ilikuwaje?

Jibu 1: Mkuu msitu upo ila unatokaje? Watu wa Powhatan, wenyeji wa huko, waliizingira ngome, ukichungulia nje kutafuta kuni ni mshale. Na wala hawakuamka tu wakawachukia, hao wageni walikuwa wanaingia vijijini kudai mahindi wakinyimwa wanabeba kwa nguvu, na miaka yenyewe ilikuwa ya ukame, waliosoma pete za miti wanasema 1606 mpaka 1612 ndo kipindi kikavu kuliko vyote huko kwa karibu miaka 800. Sasa mwenyeji wanawe hawajashiba akugawie wewe?

Jibu 2: Ongeza maji. Walijenga kwenye kinamasi, kiangazi mto unaingiliwa na maji ya bahari wao wanakunywa hayo hayo, kuhara damu kukawapukutisha. Walifika 104, Januari 1608 wamebaki 38, hapo njaa kubwa bado.

Jibu 3: Mbona hamumtaji yule binti aliyeliwa? 2012 walifukua fuvu la msichana wa kama miaka 14, limetupwa shimo moja na mifupa ya farasi na mbwa. Kwenye paji la uso kuna alama nne za kukatwa, hazina kina, yaani aliyeshika kisu mkono ulikuwa unagoma, kisogoni ndo akapasua kweli. Alishakufa kabla lakini. Wamempa jina Jane, la kwake halijulikani.

Mtoa mada: Duh, nimeishiwa nguvu. Nani aliwaokoa sasa?

Jibu 1: Meli ya Sea Venture iliyokuwa inawaletea watu na vyakula ilipigwa na kimbunga Julai 1609 ikaishia Bermuda. Wenyewe huko huko wakaunda merikebu mbili, wakatokea Mei 1610 na chakula kiduchu. Juni wakapakia kila mtu wakasema basi tunarudi kwetu, wanashuka mto tu wanakutana na mashua, Lord De La Warr, gavana mpya, anaingia na watu na chakula, geuzeni.

Jibu 3: Hapo mimi ningeruka majini 😂