UZI WA MALALAMIKO: Wauza printa za keki, acheni kuwauzia watu hedi mpya kwa tatizo linaloisha kwa maji ya vuguvugu

Wadau, uzi huu si wa kuomba msaada. Ni wa kulalamika, na walengwa wanajijua.

Kila wiki mpambaji wa keki wa Nakuru, Kisumu au Kakamega anatundika picha ya keki aliyoichapa kwa wino wa kulika: uso wa mtoto umekatwakatwa na mistari myeupe kama punda milia. Muuzaji aliyempa ile printa anajibu kwa sauti ya nusu dakika: "Hedi imekufa, dada, leta nikuwekee mpya." Hedi, yaani kile kipande kinachorusha wino kupitia vitundu viitwavyo nozeli, imekufa lini, na daktari ni nani? Hajaomba karatasi ya ukaguzi wa nozeli. Hajauliza ni rangi gani inayokosekana wala printa imekaa siku ngapi bila kazi. Anachojua ni kwamba keki ni ya Jumamosi na leo ni Alhamisi.

Vingi vya vifo hivyo ni wino uliokauka tu. Wino wa kulika ni maji, gliserini au propilini glaikoli, rangi za chakula kama E102, E122 na E133, na asidi ya limau au kihifadhi kidogo. Maji yakiruka, kinachobaki ni kama asali iliyoganda mdomoni mwa chupa, ila mdomo wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Nakuru mwezi wa Januari na Februari, hewa ikiwa kavu na vumbi likipeperuka, printa iliyoachwa vibaya siku tano tayari ina ugonjwa. Hilo lilifaa kubandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Badala yake mteja anapewa waya wa USB na tabasamu.

Haya yafuatayo muuzaji alipaswa kuyasema siku ya kwanza, na hayamgharimu hata shilingi.

Printa hii hailazwi njaa. Kila baada ya siku mbili au tatu, oda iwepo isiwepo, ichape ukurasa mdogo wenye samawati, majenta, manjano na nyeusi kwenye karatasi ya kawaida. Ukisafiri zaidi ya wiki, toa katriji za wino na uzifunike kwa vile vifuniko vyake (ulivyotupa, najua). Weka katriji zenye maji ya kusafishia, endesha usafishaji mara moja, ndipo uzime.

Na uzime kwa kitufe cha printa. Si swichi ya ukutani, si kuchomoa ekstensheni. Kitufe ndicho kinachoirudisha hedi maegeshoni upande wa kulia, ambako mpira unaifunika isikauke. Stima ikipotea katikati ya kazi, na tunajua inavyopotea mvua ikianza tu, hedi inabaki uchi katikati ya reli. Stima ikirudi, washa, ngoja ijiegeshe, ndipo uzime. Isiporudi hadi usiku, chomoa waya, fungua kifuniko, uisukume taratibu kwa kidole kuelekea kulia. Ikigoma, usiilazimishe.

Sasa pampu. Hapa ndipo mafundi wengi wanapochemka.

Pale maegeshoni kuna kikombe cha mpira chenye sponji, na kando yake kifutio. Usafishaji wowote unaouamuru hufanyika kwa pampu kufyonza wino kupitia hedi, ukaingia kikombeni, ukaishia kwenye pedi ya taka. Ukingo wa kikombe ukishika gundi ya wino, haukai sawa na hedi. Pampu inafyonza hewa. Utasafisha mara kumi na hakitabadilika kitu isipokuwa kiwango cha wino. Kwa hivyo, kabla ya kuishtaki hedi: washa printa, fungua kifuniko hedi isogee katikati, chomoa waya wa stima. Dondosha matone 10 hivi ya maji ya vuguvugu ndani ya kikombe. Rudisha stima, endesha usafishaji mmoja, fungua tena utazame. Maji yameondoka? Pampu ni nzima, tatizo liko kwenye hedi au katriji. Maji yamebaki? Iache hedi kwanza. Safisha ukingo wa mpira kwa pamba ya masikio yenye maji ya vuguvugu, weka matone mengine, acha saa moja, rudia. Yakibaki tena, mrija wa pampu umeziba, na huo ndio wa kufungua.

Kipimo cha kwanza ni dakika 10. Nitajieni fundi anayefanya hivyo kabla ya kutaja bei.

Baada ya hapo, usafishaji wa kawaida mara moja, kagua nozeli. Usafishaji wa kina mara moja, kagua tena. Pasipo mabadiliko, zima na uiache saa 24 wino mkavu ulainike, kisha jaribu tena. Kusafisha mara sita mfululizo kunakausha katriji na kujaza pedi ya taka, hadi Canon inakwama na kuandika 5B00, yaani pedi imejaa. Na hedi ya Canon hurusha tone kwa kuchemsha wino, wino huohuo ndio unaoipoza; ikifyatua bila wino inajiunguza. Ndiyo maana ule ushauri wa "shikilia Stop sekunde tano, onyo la 1688 la wino kuisha litaondoka", bila kumwambia mtu atazame wino uliobaki kwa macho yake, ni ushauri wa kuua hedi. Halafu wanauza nyingine!

Kama hedi yako ni ya kutoka kwa kuinua mkono wa kufungia, iogeshe. Shika pembeni, vidole visiguse shaba za mgongoni wala bamba la nozeli. Chukua sahani bapa, tandika tishu ya jikoni iliyokunjwa mara nne, mimina maji ya nyuzi 40 hadi 50 yafike kimo cha milimita 5 tu. Laza hedi nozeli zikitazama chini, dakika 10 hadi 15, badilisha maji hadi yaache kutoa rangi. Juu, kwenye vile vichujio vidogo vinavyopokea wino, dondosha maji kwa sirinji isiyo na sindano. Dondosha. Ukisukuma kwa nguvu unapasua kilicho ndani. Kisha ibonyeze kidogo juu ya tishu kavu: kila rangi ikiacha mstari wake kamili, imefunguka. Iache ikauke hadi kesho. Shaba zikirudi na unyevu, zinapiga shoti na utakutana na B200, kosa la umeme wa hedi, na hapo kweli itakuwa imekufa.

Maji yenyewe: nunueni maji ya sindano kwenye duka la dawa, vile vichupa vya mililita 10. Maji ya kisima cha Nakuru yana floraidi na chumvi za Bonde la Ufa, zilezile zinazotia meno rangi ya kahawia, na kuyachemsha hakuziondoi. Zikikauka kwenye nozeli umeongeza kizibo juu ya kizibo. Na fundi anayepulizia dawa ya vioo au spiriti ya kuwashia ndani ya mashine ambayo picha yake italiwa na watoto 30 kwenye sherehe, huyo hafai kupewa hata mkasi.

Nimeliweka mwisho lililo baya kuliko yote. Kuna printa za ofisini zilizotumika zinazooshwa kidogo, zinajazwa wino wa kulika, zinauzwa kama "printa ya keki, safi kabisa". Haisafishiki ikawa salama. Wino wa ofisi umeshaingia kwenye hedi, sponji ya maegesho na pedi ya taka. Ya keki lazima iwe haijawahi kuonja wino mwingine. Dalili: omba ifunguliwe ukague pedi na sponji kabla haijajazwa. Printa mpya ina sponji nyeupe. Ukiambiwa "hiyo ni ya majaribio ya kiwandani", ondoka.

Na wino usio na orodha ya viungo, namba za rangi, namba ya bechi wala tarehe ya mwisho, usinunue, hata kama chupa imechorwa keki. Kenya ina Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Afisa wa afya ya umma wa kaunti ndiye wa kupelekewa chupa kama hiyo.

Wauzaji, jibuni hapa hapa. Msinitafute inbox.

Katriji_Ziwani (Kisumu): Nakubaliana, ila ongeza hili, maana huku kwetu ziwani joto na unyevu vinadanganya watu. Si kila picha mbovu ni kuziba. Karatasi ya aisingi, ile ya sukari tunayoichapa, ikinyonya unyevu, wino unatanda na nyuso zinakuwa kama zimelia. Mtu anasafisha hedi siku nzima kumbe karatasi ndiyo mgonjwa. Ifunge kwenye mfuko wake wa zipu, toa moja tu kwa wakati, usiweke friji. Ikilegea na kugoma kubanduka kwenye plastiki yake, ipulizie drya ya nywele nyuma ya plastiki sekunde 20 hadi 30. Na muipitishe trei ya nyuma! Trei ya chini inaikunja kama herufi U, aisingi inapasuka, chembe za sukari zinaanguka kwenye rola na maegesho. Karatasi ya wefa, ile ya wanga, ndiyo mbaya zaidi kwa vumbi. Kila baada ya kurasa 10 hivi futa rola.

Fondanti_Kakamega: Swali la haraka. Nimeshauriwa ninunue Epson ya matangi, nijaze wino wa kulika, eti haizibi na ni rahisi kujaza. Ni kweli?

Mwanzilishi wa uzi: Dada, rahisi kujaza ni kweli. Haizibi ni uongo. Hedi ya Epson haichemshi wino, inausukuma kwa kipande cha piezo kinachojikunja, kwa hivyo haiungui kirahisi. Lakini haitoki kama ile ya Canon, kuiogesha sahanini huwezi. Na hesabu tangi: chupa ya mililita 65 au 70 mara rangi nne. Anayepamba keki tatu kwa wiki ataufikisha mwisho kabla ya tarehe yake? Wino wa zamani unatuama chini, mirija yote inaziba, na hapo ni kumwaga lita za maji ya kusafishia. Ukiinunua, jaza robo ya tangi tu. Ikiziba, kunja kipande cha kitambaa kisichotoa nyuzi, kiloweshe maji ya kusafishia, kiweke chini ya njia ya hedi, isogeze juu yake na uiache usiku kucha. Asubuhi kitoe kwanza ndipo uwashe, la sivyo utavunja reli.

Matatu_Mzigo: Nimesoma yote, hakuna aliyetaja usafirishaji. Katriji za kujaza zinazotumwa huku kutoka Nairobi kwa matatu zinapanda Mau Summit kisha zinashuka hadi mita 1,131 za Kisumu. Hewa iliyofungiwa ndani inapanuka njiani na kusukuma wino nje ya mdomo. Zikifika, usizipachike hapo hapo. Zisimamishe wima juu ya tishu saa mbili, futa mdomo, toa utepe wa tundu la hewa, hakikisha hakuna rangi iliyovujia jirani. Manjano yenye doa la samawati itachapa kijani kila mahali, na muuzaji atakuambia hedi imekufa.