Niliomba bunduki ya risasi za .223, wakaniwekea ya risasi za .22-250 mezani na kuniambia "zote ni mbili-mbili tu, mzee". Advansi yangu hawarudishi!

Wakuu, salaam. Niko Tanga, shamba langu liko Muheza. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "silaha gani nzuri". Hapa nimekuja kulalamika, na nataka yeyote anayejiandaa kununua bunduki ya shamba asome kabla hajatoa hela yake.

Nina ekari saba, machungwa na mihogo. Upande mmoja napakana na mkonge uliotelekezwa miaka mingi. Mwenyeji wa huku anajua mkonge ulioachwa unavyokuwa: pori la miiba, mtu hapiti, ila nguruwe mwitu anapita chini kwa chini. Wanatoka saa saba za usiku, kundi zima. Asubuhi unakuta mistari ya mihogo imefukuliwa kana kwamba limepita trekta. Ukiinama kuokota muhogo mmoja unaona umeng'atwa mara mbili ukaachwa, na wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Angekula akamaliza ningesema naye ana njaa. Anang'ata na kutupa. Mwaka jana nilipoteza karibu ekari mbili, na mbwa wangu mmoja alipasuliwa ubavu kwa jino, akafa mikononi mwangu kabla sijafika barabarani.

Nimepiga madebe, nimewasha moto, nimezungushia matambara yaliyochovywa oili chafu. Wanazoea. Afisa wanyamapori wa halmashauri alikuja, akaona kwa macho yake, akaandika. Ndipo nikaanza safari ya kibali: mwenyekiti wa kijiji, kata, polisi wilaya, kamati ya ulinzi na usalama, mkoa, na kurudi tena kwa sababu karatasi moja ilikosa mhuri. Miezi kumi na moja. Wala sikulalamika, kwa sababu silaha si jembe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo na naiheshimu. Nilichoomba kiliandikwa wazi kwenye fomu: bunduki ya bolti (kile chuma unachovuta na kusukuma kwa mkono kufungua na kufunga nyuma ya mtutu), ya kukoki kwa mkono, kipimo cha risasi .223 Remington.

Kwa nini .223? Niliuliza watu wazima waliowahi kufanya kazi porini, nikasoma, nikapiga hesabu zangu. Nguruwe wangu wanapigwa kwenye mita 40 mpaka 80, hakuna zaidi ya hapo, maana mbele ni mkonge. Uzito wao wengi ni kama kilo sitini. Nyuma ya shamba kuna njia ya miguu na nyumba za watu. Kwa hiyo nilitaka risasi ya kati: iliyo juu ya risasi za bastola, lakini isiyofika kwenye zile ndefu za vita vya zamani kama .303 ya Waingereza. Risasi ya .223 ina kichwa cha gramu 3.6 hivi kinachotoka kwa kasi ya karibu mita 990 kwa sekunde, na nguvu yake ni kama jouli 1,700. Bega halichakai, na ukipata kichwa cha ncha laini (kinachopanuka kikimpiga mnyama) cha gramu 4 au zaidi kidogo, ukampiga nyuma ya bega, nguruwe wa kilo sitini haendi mbali. Ila nisieleweke vibaya: hata hiyo "ndogo" inaruka zaidi ya kilomita mbili ikikosa kitu cha kuisimamisha. Ndiyo maana nimejenga kichanja. Nataka nikipiga, risasi ielekee chini kwenye udongo.

Sasa wauzaji. Duka la kwanza wakanionyesha .375. Nikawaambia sina tembo. Duka la pili wakang'ang'ania .30-06, "hiyo ndiyo bunduki ya mwanaume". Jamani! .30-06 ni jouli 3,900 hivi, na .375 H&H ni karibu 5,800. Ile .375 imekuwepo tangu 1912 na sifa zake ni za kweli, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya nyati na wakubwa wenzake. Mimi nina mihogo. Risasi moja ya hizo bei yake inanunua dawa ya machungwa. Mkulima mdogo akiingia dukani anatazamwa kama asiyejua anachotaka, na ukitaja kipimo kwa usahihi wanakukata maneno.

Duka la tatu (liko nje ya mkoa wetu, jina silitaji kwa sababu madai yanaendelea) ndilo lililonikamata. Walinisikiliza vizuri. Nikawaambia bajeti yangu ni ya mtu wa machungwa, kwa hiyo nahitaji bunduki ya bei nafuu lakini ya kweli. Tukazungumza kwa majina kabisa. CZ 527 ya Kicheki, yenye mwili mdogo wa mtindo wa Mauser, ile bunduki ya zamani ya Kijerumani. Ile imeacha kutengenezwa tangu 2021, lakini zilizotumika zipo. Savage Axis, ambayo haina urembo ila inapiga. Ruger American. Na Howa Mini ya Kijapani, ambayo bolti yake imefupishwa makusudi kwa ajili ya risasi fupi kama .223. Wakasema Howa Mini wanaipata, nitoe nusu ya bei. Nikatoa hela yote ya msimu wa machungwa. Risiti wakaandika "Rifle .22". Nikauliza mbona hamkuandika .223? Kijana akasema, "Kompyuta inafupisha, mzee wangu." Nikanyamaza. Hapo ndipo kosa langu lilipo na ninalikiri: ningekataa ile risiti pale pale.

Wiki tatu baadaye nikaitwa. Nikapanda basi la alfajiri. Bunduki ikaletwa kwenye kitambaa, mpya, nzuri kuitazama. Nikaomba bolti itolewe, nione mtutu uko tupu. Ilipotoka tu nikaona ni ndefu kuliko nilivyotarajia. Nikasogeza mtutu kwenye mwanga wa dirishani, nikasoma herufi ndogo zilizochongwa juu ya chemba, pale risasi inapokaa: 22-250 REM.

Nikamwambia kijana, hii si yangu. Akacheka. "Mzee, zote ni mbili-mbili tu, hii ni kaka yake, ina nguvu zaidi, umepata faida."

Kwenye kabati lao la vioo palikuwa na maganda matupu ya risasi ya maonyesho, kila kipimo na kibao chake. Nikaomba ganda la .223. Nikaweka kitako chake kwenye uso wa bolti ile. Likacheza huku na huku, haliwezi kushikwa na ile ndoano ya bolti inayovuta ganda. Nikaomba ganda la .22-250, likakaa sawasawa, tik. Nikamwita bwana mkubwa wa duka aje aone. Kitako cha .223 kina upana wa milimita 9.6. Cha .22-250 kina milimita 12. Ganda la .223 lina urefu wa karibu milimita 45, la mwenzake karibu 49, nene zaidi tumboni na baruti nyingi zaidi. Kinachofanana ni kichwa peke yake, cha upana wa milimita 5.7. Kwa hesabu yao hiyo ya "zote mbili-mbili", hata ile .22 ndogo ya kufukuzia kunguru ingekuwa ndugu yao, maana upana wake ni karibu ule ule, na nguvu yake haifiki jouli 200!

Wakuu, namba hizi ni majina. Zina historia yake. Hiyo ".250" ya kwenye .22-250 haihusiani na ukubwa wa kichwa. Inatokana na risasi ya .250 Savage ya mwaka 1915, ambayo watu walilibana shingo ganda lake likabeba kichwa chembamba, na Remington wakaifanya rasmi mwaka 1965. Ni risasi ya kupiga vinyama vidogo mbali sana kwenye nyika tupu. Si mbaya. Kwa mwenye kazi hiyo ni nzuri mno. Ila inakula mtutu haraka, inapiga kelele, na kupata risasi zake huku kwetu ni kusubiri meli. Na kubwa kuliko yote: karatasi zangu zinasema .223. Ningebeba ile bunduki mpaka Muheza ningekuwa nimebeba silaha isiyolingana na kibali, na anayelala mahabusu ni mimi, muuzaji hayupo.

Bwana mkubwa hakukana kwamba wamekosea. Alichosema ni kwamba bunduki imeshaagizwa kwa jina langu, kwa hiyo "nibadilishe kibali". Nibadilishe kibali! Miezi kumi na moja ya kupanda na kushuka, leo nirudi kwa kamati niwaambie naomba tena, muuzaji alikosea namba? Nikadai hela yangu. Jibu: advansi hairudishwi, angalia nyuma ya risiti. Nyuma ya risiti kweli kuna maandishi ya rangi ya kijivu ambayo hata kwa miwani yangu ni shida kuyasoma.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba nisingekuwa na tabia ya kusoma kilichochongwa kwenye chuma, ningeondoka nayo. Wangapi wameondoka nazo? Mjane aliyerithi shamba, kijana aliyetumwa na baba yake, wanaambiwa "mbili-mbili" na wanaamini. Na hapa si suala la hela tu, mtu anaweza kufa. Ipo risasi inaitwa .300 Blackout, ganda lake limetokana na familia hii hii ya .223, linaingia kwenye magazini ile ile, na wakati mwingine bolti inafunga kabisa kwenye chemba ya .223. Ukibonyeza triga, kichwa kipana kinalazimishwa kupita kwenye mtutu mwembamba na bunduki inapasuka usoni kwako. Muuzaji anayesema "zote ni sawa" hafai kukaa nyuma ya ile kaunta.

Nimeona majibu yameshaanza, nayajibu hapa hapa.

Aliyesema ningechukua ya 7.62x39 kwa sababu "risasi za SMG zimejaa mitaani" (SMG ndiyo zile za aina ya AK-47): kaka, risasi yenyewe siikatai. Gramu 8 kwa mita 700 hivi kwa sekunde, jouli kama 2,000, kwa nguruwe ndani ya mita 100 ni kazi safi, na hata CZ na Howa wametengeneza bunduki za bolti za kipimo hicho. Lakini hizo unazosema zimejaa mitaani hazina karatasi, na ukikutwa na hata moja mfukoni hutakuwa na la kujitetea. Usimpe mtu ushauri huo hadharani.

Aliyeuliza habari ya msokoto wa mtutu: swali zuri, na dukani hakuna hata mmoja aliyeweza kulijibu. Mifereji ndani ya mtutu inazungusha kichwa cha risasi ili kisiyumbe. Ukikuta imeandikwa 1:12, maana yake mzunguko mmoja ni inchi 12, na mtutu huo unapenda vichwa vyepesi, gramu 3.6 kurudi chini. Kwa nguruwe nataka kizito kidogo, kwa hiyo nilitafuta 1:9. CZ 527 za .223 zipo za namna zote mbili, kwa hiyo ukinunua iliyotumika, soma kwanza. Na kwenye hiyo CZ, usalama wake uko kinyume na bunduki nyingi: ukisukuma mbele umefunga, ukivuta nyuma iko tayari kupiga. Mtu aliyezoea nyingine anaweza kudhani amefunga kumbe amefungua.

Shangazi aliyeuliza kwa nini nisitumie gobore la marehemu baba: gobore nililisalimisha polisi zamani, shangazi yangu. Halikuwa na kibali, na sikutaka lilale ndani kwangu.

Na aliyeuliza nyama nitapeleka wapi: nyama siitaki na siili, nataka mihogo yangu.

Jumatatu narudi dukani na nakala ya kibali, risiti, na picha niliyopiga ya maandishi ya kwenye mtutu. Nawaomba waliowahi kudai hela kwenye maduka ya silaha waniambie walianzia wapi: polisi kitengo cha silaha, au moja kwa moja mahakamani? Na anayejua duka lenye risasi za .223 za ncha laini kwenye rafu, zilizopo, si za kuahidiwa, aniandikie PM. Safari hii nitaanza kutafuta risasi, bunduki baadaye.

Nitaleta mrejesho jioni ya Jumatatu. Sasa hivi mbwa wanabweka upande wa mkonge na zamu yangu ya kupiga debe ni saa nane.