Ukomo wa kilo kwa dagaa wa Kigoma: mtatumaliza sisi na dagaa wenyewe

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha. Huu ni mwaka wa 17 nakausha dagaa hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika, na kikao cha juzi hapa mwaloni, tunaposhushia samaki, nimetoka natetemeka kwa hasira.

Amekuja afisa na karatasi yake: kila chombo kiwekewe kilo zake kwa usiku, zikizidi faini. Nikanyoosha mkono nikauliza, huo mzani utakaa wapi? Akasema hapa hapa mwaloni. Jamani! Dagaa akifika mwaloni si ameshakufa? Huyu ukimtoa majini hata dakika chache hamalizi. Mabaharia wakikaribia ufukweni wakaona wamezidisha, wanaogopa faini, watamwaga ziwani gizani huko huko. Daftari litasoma vizuri, dagaa watakuwa wanaoza chini. Nikajibiwa, "Mama, hayo ni ya kitaalamu." Nikakaa.

Msinielewe vibaya, ukomo nautaka. Tena nautaka kuliko matajiri wengi wenye vyombo. Mimi ndiye ninayetumbua migebuka, hawa samaki wakubwa wanaokula dagaa. Zamani ukipasua tumbo unakuta dagaa wamejaa, wengine bado wanang'aa. Siku hizi mara nyingi nakuta utumbo mtupu. Dagaa ndiye chakula cha migebuka, huyo akiisha na huyu anaondoka. Na wanasayansi waliandika tangu 2003 kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, kwa hiyo chakula cha samaki kimepungua. Ziwa lenyewe limechoka, sisi ndio tunaongeza taa za kuvuta dagaa usiku.

Taa ndiyo shida, na hakuna aliyeitaja pale kikaoni! Enzi za karabai chombo kilikuwa na taa chache, mafuta ni ghali, unazihesabu. Sasa sola na betri, mtu anafunga anavyotaka. Mwaka 2024 tulifunga ziwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, makubaliano yetu na Burundi, Kongo na Zambia. Miezi mitatu bila kipato, nikavumilia, nikauza mpaka turubai zangu za kufunikia. Lilipofunguliwa, usiku ukitazama majini utadhani mji umehamia kule. Wiki chache tu naletewa dagaa wadogo kama vipande vya uzi, unawaona macho tu. Nimewamwaga kwenye kichanja cha kuanikia, wanapenya kwenye wavu wake wanadondoka mchangani. Nimeokota mmoja mmoja mpaka nikaacha. Hao ndio tuliowafungia ziwa wakue!

Na dagaa haishi miaka mitano ukasema utamkuta mbele. Maisha yake ni kama mwaka mmoja hivi. Ukimvua kabla hajataga, umeshavua na wa mwakani.

Kuna waliosema ukomo hauna maana kwa sababu Kongo watavua tu. Kweli Kongo ana sehemu kubwa kuliko sisi, karibu 45% ya ziwa, sisi 41%. Lakini 41% si kidogo, na vitoto ninavyoviokota hapa vimevuliwa na vyombo vya hapa. Wengine wakasema mabaharia watalala njaa. Hilo lina uzito, maana wao wanalipwa kwa mgawo wa kilichovuliwa. Ila kilo za afisa ndizo zitakazowaumiza kwanza: tajiri atakata mafuta yake, atakata faini, kinachobaki ndiyo cha baharia.

Wekeni ukomo wa taa kwa kila chombo. Wekeni ukomo wa matundu ya wavu, mkague mchana nyavu zikiwa zimeanikwa, siyo asubuhi samaki wakiwa wafu. Punguzeni na idadi ya vyombo vinavyosajiliwa. Mzani uwepo, lakini wa kujua tumevua kiasi gani, si wa kuwatisha watu wamwage.

Kikao kingine ni Alhamisi. Walioko mialo ya Kibirizi na Katonga mnaosoma hapa, njooni, hasa kina mama. Mimi nakuja na beseni la hivyo vitoto, nitavimwaga juu ya ile karatasi.