Gia boksi imekufa? Hujanyanyuka hata kwenye benchi!

BintiMbezi, saa 5:12 asubuhi
Wakuu, natoka gereji sasa hivi, mikono inatetemeka, nimepaki pembeni niandike kabla sijapasuka. Yule fundi mnamjua. Wa kofia nyekundu, mwenye foleni ya magari kama anagawa viwanja bure. Jina sitaji, mnamjua.

Toyota IST yangu ya 2004 ina wiki mbili inanipiga mateke. Ukitoa P kuweka D, pu! Utadhani bodaboda kakuvaa kwa nyuma. Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu inashtuka mpaka mkoba unaruka kwenye siti. Jana napandisha Kimara, dada niliyempa lifti kashika dashibodi anasali kwa sauti.

Nimefika pale saa tatu. Kakaa kwenye benchi, chai mkono huu, chapati mkono huu. Namwambia gia zinapiga. "Washa nisikie." Nikawasha. Akasikiliza palepale alipokaa, hatua kumi kutoka kwenye gari! Akatafuna, akameza, akasema, "Gia boksi imekufa. Milioni moja na laki mbili pamoja na ufundi. Mpigie shemeji tuongee."

MPIGIE SHEMEJI. Shemeji yupi? Kadi ya gari ina jina langu. Mkopo nimelipa mimi, miezi 24, hakuna shemeji aliyechangia hata wese.

Boneti hakufungua. Stiki hakuchomoa aone oili ipo au imekwisha, nyekundu au imeungua. Mashine ya kusoma hitilafu hakuchomeka. Hata kuzunguka nayo mita tano hakutaka. Daktari gani anatangaza msiba mgonjwa bado yuko getini? Nikamuuliza, "Kaka, hata oili hupimi?" Wateja wote wametega masikio. Akacheka, makombo ya chapati yakamwagika kwenye ovaroli, akarudia polepole kama anamfundisha mtoto kusoma: "Dada, mpigie shemeji."

Na hajanyanyuka! Amekaa!

KisuButu, saa 5:20
Kwa hiyo shemeji hayupo? Nitumie namba, spana ninazo.

BintiMbezi, saa 5:22
KisuButu leo usinichokoze. Nimeambiwa nimpigie shemeji mbele ya watu tisa!

SpanaKumi, saa 5:41
Dada pole sana. Usitoe hata mia. IST za toleo hilo ni gia nne, na gia boksi ina stiki yake, siyo ile ya injini. Zunguka nayo mpaka ipate moto, paki pasawa, vuta hendibreki. Injini ikiwa inawaka, pitisha mkono wa gia taratibu kutoka P mpaka L, rudisha P, ndipo uchomoe stiki usome upande wa HOT. Oili nzima ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kama ugali ulioungulia, hapo ndo uanze wasiwasi. Ya kwake ni Type T-IV, asikwambie mtu "hata hii inaingia".
Ila ile ya kugonga ukiweka D, anzia kwenye maunti, ile mipira inayoshikilia injini na gia boksi. Fungua boneti, mtu akanyage breki kisawasawa, aweke D, kisha R. Wewe kaa pembeni, usisimame mbele. Injini ikiruka kama mbuzi kaona kisu, mpira umekatika. Na koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi, ikimisi mlimani, nayo utaapa ni gia. Mashine itakwambia.

ChumviKidogo, saa 6:03
Afadhali wako alikaa. Wangu alinyanyuka, akamwaga oili ya gia boksi ya kawaida kwenye Nissan yangu ya CVT, ile gia boksi ya mkanda! CVT! Nikimwambia ina oili yake ananijibu "oili ni oili". Nilitoka naendesha, nikarudi navutwa kwa kamba.

BabaWawili, saa 6:15
Nyie mlinunua magari au mlinunua namba za kwenye mita? Unauziwa gari kilomita 58,000, usukani umechakaa kama mwiko wa shuleni, na unaamini. Mimi niliamini. Mpaka leo silali.

MamaK, saa 7:30 mchana
Mafundi wote lao moja. Fundi cherehani wangu kakaa na kitenge cha harusi ya wifi yangu wiki sita, "njoo kesho, njoo kesho". Juzi napita, namkuta binti yake KAKIVAA.

KisuButu, saa 7:34
😂😂 Kitenge chako?

MamaK, saa 7:35
Changu! Mpaka vifungo nilivyonunua mimi!

BintiMbezi, saa 11:40 jioni
Mrejesho. SpanaKumi, Mungu akuzidishie. Jirani kakanyaga breki, mimi nimeshika tochi. D, injini ikainuka. R, ikajitupa upande wa pili. Tukazima, nikapapasa maunti ya upande wa gia boksi: mpira umechanika, kidole kimeingia mpaka kiungo cha pili. Oili ipo, ila rangi ya chai ya mkandaa. Maunti na oili mpya havifiki laki mbili na nusu. Yeye milioni moja na laki mbili, amekaa, na chapati! Wangapi wameshauziwa gia boksi kutoka kwenye lile benchi?

ChumviKidogo, saa 11:52
MamaK, huyo binti kilimpendeza?

MamaK, saa 11:53
Kilimkaa kuliko ambavyo kingenikaa mimi. Ndo kinachoniuma.

BabaWawili, saa 12:10
Weka picha.