Vifaa vya saluni: spiriti inatosha, au lazima vipikwe kwenye otoklevu?

Chanuo_na_Tupa:

Habari zenu wadau. Naomba mwongozo wa kusafisha vifaa vinavyotumika kwa mteja zaidi ya mmoja, kwenye saluni inayofanya nywele, kucha, miguu na nta. Kuna mikasi, koleo za kukatia nyama ya kucha, vibano vya nyusi, visukumio, machanuo, mashine za kunyolea na mabeseni ya miguu yenye pampu.

Utaratibu uliopo ni kufuta kwa pamba yenye spiriti baada ya kila mteja, kisha vifaa vinaingia kwenye kabati la taa ya UV. Kuna wahudumu wanaosema hiyo inatosha, wengine wanataka jiki, wengine otoklevu (mashine inayopika vifaa kwa mvuke wenye shinikizo). Ninachotafuta ni utaratibu wenye vipimo, dakika na sababu zake, maana mhudumu asiyejua sababu ataruka hatua siku saluni ikijaa. Halafu koleo zinaota kutu haraka sana. Ni dawa?

DakikaKumi:

Karibu ndugu. Kufuta hakutoshi, na kasoro haiko kwenye spiriti yenyewe. Spiriti ya asilimia 70 inaua bakteria, fangasi na virusi vingi, ila kifaa lazima kibaki kimelowa kwa muda wote wa dawa. Ukifuta na pamba, inakauka kabla haijafanya kazi, na pamba haifiki ndani ya kiungo cha koleo, mahali ambapo vipande vya nyama na unga wa kucha hujibana.

Kwanza vigawe vifaa kwa kuangalia vinagusa nini. Vinavyokata au kutoboa ngozi, au vinavyoweza kutoa damu hata kwa bahati mbaya (koleo, visukumio vya chuma, sindano za chunusi, vibano vya kung'olea vinyweleo vilivyozama), vinastahili otoklevu. Vinavyogusa ngozi nzima na nywele, kama machanuo, mikasi ya nywele, vibanio na bakuli za rangi, vioshwe na kulowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu. Kundi la tatu ni vitu vinavyonyonya maji: tupa za karatasi, vijiti vya mti, sponji za kutenganishia vidole, mawe ya kusugulia nyayo. Hivyo havisafishiki. Dawa haiwezi kufika kila tundu la jiwe, kwa hiyo mteja akimaliza vinatupwa au anaondoka navyo.

Hatua inayorukwa kuliko zote ni kuosha. Dawa huishia kupambana na mafuta, ngozi na damu iliyokauka, haiwafikii vijidudu waliojificha chini yake. Fungua koleo na mkasi hadi mwisho, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, sugua kiungo na meno kwa brashi ndogo ukiwa umezamisha kifaa ndani ya maji ili matone yasirukie usoni. Maji yasiwe ya moto, chini ya nyuzi 45, kwa sababu joto linagandisha damu ikashika kwenye chuma. Vaa glavu nene za jikoni, zile nyembamba za saluni zinatobolewa na ncha ya koleo.

Suuza vizuri, kisha kausha. Kusuuza si urembo: dawa nyingi za saluni, zile za rangi ya bluu au pinki, ni za kundi la kwati (kwa Kiingereza "quats"), na mabaki ya sabuni huziua nguvu. Kukausha nako kuna sababu, maji yaliyobaki kwenye kifaa yanazimua dawa kila unapotumbukiza.

Kisha loweka. Soma lebo. Ikisema 1 kwa 64, ni kama mililita 16 za dawa kwa lita 1 ya maji. Tangulia maji kwenye chombo ndipo umimine dawa, la sivyo unapata povu badala ya kipimo. Kifaa kizame chote, pamoja na mpini, kwa muda ulioandikwa. Kwa dawa nyingi ni dakika 10. Usiweke pamba chini ya chombo kulinda ncha za mikasi, pamba inanyonya kwati na kuacha maji matupu. Badilisha kila siku, au mara moja ikipata ukungu au nywele zikielea, na usiongezee dawa mpya juu ya ya jana.

Mzani_wa_Dawa:

Nyongeza kwa mpenda jiki. Inafaa sana pale damu ilipomwagika, lakini ipimwe, maana chupa hazilingani nguvu. Soma asilimia kwenye lebo, igawanye kwa asilimia unayoitaka, toa 1: jibu ni sehemu za maji kwa sehemu 1 ya jiki. Unataka asilimia 0.5 kwa ajili ya damu: jiki ya 3.5 inataka maji sehemu 6, jiki ya 5 inataka maji sehemu 9. Kwa meza na viti visivyo na damu, asilimia 0.1 inatosha: maji sehemu 34 kwa jiki ya 3.5, au sehemu 49 kwa ya 5. Osha kwanza, acha ilowe dakika 10, kisha suuza.

Changanya ya siku hiyo tu, kwenye chombo kisichopitisha mwanga, kwa sababu jua na joto huivunja. Kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali, siki, wala kitu chenye amonia. Gesi inayotoka inaunguza mapafu, na chumba cha nyuma cha saluni mara nyingi hakina hata dirisha.

Kuhusu spiriti, kali zaidi si bora zaidi. Ya asilimia 96 au 99 inagandisha protini ya nje ya kijidudu na kukauka upesi. Maji yaliyomo kwenye ile ya 70 ndiyo yanayoisaidia kupenya. Ukiwa na ya 96, pima mililita 730, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ujazo ufike lita 1. Funika chombo, na kiwe mbali na sufuria ya nta na pasi za nywele, inashika moto.

Chanuo_na_Tupa:

Shukrani sana. Sasa kabati la UV lina kazi gani? Muuzaji analiita "kitakasio". Na kama otoklevu haijapatikana, kuchemsha kunasaidia?

DakikaKumi:

Kabati la UV ni mahali pa kuhifadhia vifaa vilivyokwisha safishwa, basi. Mwanga unaua pale tu unapogusa moja kwa moja. Upande wa chini wa koleo, ndani ya kiungo, na kifaa kilicholala juu ya kingine vyote viko kivulini. Taa nayo huchoka ikiendelea kung'aa bluu kama kawaida, hivyo kuiona inawaka si ushahidi kwamba inafanya kazi. Vile visufuria vya shanga za kioo vinavyopashwa moto pia viwekwe pembeni: vinapasha ncha tu, mpini ulioshikwa na mikono yenye damu unabaki ulivyo.

Kuchemsha dakika 20, ukianza kuhesabu maji yakichemka, huku vifaa vimezama, kunaua sehemu kubwa ya vijidudu. Mbegu za bakteria, yaani bakteria waliojifunga kwenye ganda gumu la kujikinga, zinabaki hai. Ukitumbukiza kifaa kingine katikati, hesabu inaanza upya.

Otoklevu inaua na mbegu hizo. Kwa nyuzi 121, dakika 20 kwa vifaa vilivyo wazi na dakika 30 kwa vilivyofungwa kwenye mifuko, na saa inaanza joto likifika, si unapobonyeza kitufe. Vifaa viwe vimeoshwa, vikavu, koleo wazi, mifuko isimame kwa ubavu bila kubanana ili mvuke upite. Tumia maji yaliyotoneshwa (distilled). Ya bomba yanaacha ukoko mweupe kwenye chumba cha mashine na madoa kwenye vifaa. Subiri mifuko ikauke kabla ya kuitoa, kwa kuwa karatasi iliyolowa inanyonya vijidudu kutoka mezani hadi ndani.

Ile alama inayobadilika rangi kwenye mfuko inakuambia mfuko ulipata joto. Haikuambii kwamba vijidudu wamekufa. Kipimo cha kweli ni kile cha mbegu za *Geobacillus stearothermophilus*: kichupa kinapitishwa kwenye mzunguko wa kawaida, kinaoteshwa, na kama kuna kilichoota, mashine ina hitilafu. Fuata ratiba ya mtengenezaji, na urudie kila mashine inapotoka kwa fundi.

Oveni maalumu ya joto kavu nayo inafaa: nyuzi 170 saa 1, au nyuzi 160 saa 2. Kwa vifaa vyenye makali chagua 160, joto kubwa zaidi linafisha makali. Plastiki isiingie humo.

Fundi_Makali:

Nijibu la kutu, maana dawa inasingiziwa mno. Sababu ya kwanza ni kuacha vifaa vinalala kwenye dawa usiku kucha. Muda wa lebo ukiisha, toa. Sababu ya pili ni jiki. Klorini inakula hata chuma kinachoitwa hakishiki kutu, inaanza na vitundu vidogo kwenye makali. Kwa koleo na mikasi tumia kwati au spiriti. Ya tatu ni kuweka koleo nzuri pamoja na kifaa cha chuma cha bei rahisi kilichochubuka rangi yake: kutu ya kimoja inahamia kwa kingine. Na mwisho ni kufunga kifaa kikiwa na unyevu kwenye kiungo. Kausha kikiwa wazi, weka tone 1 la mafuta ya vifaa, fungua na kufunga mara kadhaa, futa kinachozidi. Kifaa kinachokwenda kwenye otoklevu kitumie mafuta yanayopitisha mvuke, si ya cherehani.

Chombo chenye kutu au makali yaliyovunjika kiondolewe kazini. Uso wenye vitundu hauoshiki.

Mashine ya kunyolea isizamishwe. Chomoa umeme, toa vichanio, fungua skrubu za wembe, piga brashi nywele zote. Mapunye yanahama kupitia vipande vidogo vya nywele vilivyobaki katikati ya meno. Osha wembe, uloweke au unyunyizie dawa hadi ulowe, na hapa lebo isomwe tena: dawa nyingi za kunyunyizia zina muda wa kupoza wembe na muda tofauti, mrefu zaidi, wa kuua vijidudu. Kausha, rudisha, weka matone 2 au 3 ya mafuta, washa sekunde 10, futa. Wakati wa kurudisha, wembe unaocheza ukae nyuma ya ule uliosimama kwa kama milimita 1. Ukilingana nao au kuupita, utachana ngozi ya mteja.

Beseni_Safi:

Hakuna aliyegusa mabeseni ya miguu, nayo ndiyo yanayonitia hofu kuliko koleo. Mwaka 2000, huko Watsonville, California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu sugu ya miguu. Chanzo kilikuwa *Mycobacterium fortuitum*, bakteria wa kwenye maji, na nyuma ya vichujio vya mabeseni kulikutwa nywele na ngozi zilizorundikana. Walionyoa miguu kabla ya huduma ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kwa hiyo mteja aliyenyoa siku hiyo, au mwenye kidonda, asiwekwe kwenye beseni la pampu.

Baada ya kila mteja mwaga maji, sugua kuta kwa sabuni na brashi, suuza, jaza maji safi hadi yafunike matundu, weka dawa kwa kipimo, kisha washa pampu dakika 10. Bila pampu kuzunguka, dawa haiingii kwenye mabomba, na uchafu uko humo humo. Mwaga, suuza, kausha. Mwisho wa siku fungua kichujio, sugua mbele na nyuma yake, ukiloweke peke yake. Kama mnanunua mapya, nunueni yasiyo na mabomba. Beseni la kawaida linasafishika kwa dakika chache na unaona kila pembe.

Chanuo_na_Tupa:

Kichujio hicho sijawahi kusikia mtu akikitaja kazini. Na nta, brashi za vipodozi, je? Halafu mteja akikatika katikati ya huduma?

DakikaKumi:

Nta: kijiti kimoja, mchoto mmoja. Kikishagusa ngozi hakirudi kwenye sufuria, joto la nta halitoshi kuua kitu. Brashi za vipodozi zioshwe kwa sabuni, zisuuzwe, zikauke zimeinamisha nywele chini. Zikisimama wima maji yanashuka kwenye gundi na nywele zinang'oka.

Mteja akikatika, simama. Vaa glavu, mpe pamba safi akandamize mwenyewe, funika kidonda. Koleo iliyokata inaingia kwenye trei ya vichafu, wala haiendelei na kidole kinachofuata, hata kama damu huioni. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaishi kwenye kitu kikavu siku 7 au zaidi, kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Wembe wa kutumia mara moja unatupwa kwenye chombo kigumu kisichotobolewa, usirudishiwe kifuniko. Meza ifutwe damu kwanza, ndipo ipakwe ile jiki ya 0.5 na kuachwa dakika 10.

Ongezeni na seti. Kuosha, kuloweka na kukausha kunachukua karibu nusu saa. Otoklevu pamoja na kukausha mifuko inaweza kufika saa nzima. Mhudumu mwenye koleo 1 na wateja 3 wanaomsubiri ataitoa kwenye dawa baada ya dakika 2, hata bango la ukutani liwe kubwa namna gani. Anzeni na seti 3 kwa kila mhudumu, trei ya vichafu upande mmoja wa sinki na ya visafi upande mwingine, zikiwa na rangi tofauti.